Radi Alivyokimbia Kwenye Shuka

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, na wewe unayechora kwenye filamu hapo Mugumu, kaa unisikilize.

Nilikuwa msichana, tunaishi Ringwani. Fahali wa babu, Radi, mwekundu mwenye baka jeupe begani, alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Babu akakataa chakula. Ugali wa ulezi unapoa mbele yake, yeye anatazama zizi tu. Bibi alilia, baba akagombeza, wapi!

Mugumu kulikuwa na Fundi Ramadhani, mzee aliyezungusha sinema vijijini. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba kipande cha filamu kuukuu nimchoree babu Radi wake. Akanifundisha. Iloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo mpaka picha za zamani zitoke, ibaki wazi kama kioo. Ishike pembeni penye matundu, maana mafuta ya kidole hukataa rangi. Udongo mwekundu tunaopaka ukutani usiuguse: mwanga haupiti, kwenye shuka la kuonyeshea sinema utaona giza tupu. Paka wino mwepesi. Mstari mwembamba ukwangue kwa sindano. Brashi nilijitengenezea kwa nywele za mkia wa ndama.

Filamu ina vyumba vidogo vimepangana. Nikachora kila chumba ng'ombe wake: Radi, mama yake, jike la kijivu, mpaka zizi zima likaisha. Walipendeza! Mikono hii usiidharau.

Fundi akafunga madirisha ya duka lake, akawasha mashine. Lo! Vyumba vikapita mbio, kila kimoja na ng'ombe mwingine, rangi zikaruka ukutani kama nzige. Hata pembe moja sikuiona.

"Binti, umefungulia zizi zima! Radi yuko wapi?"

"Fundi, kwetu mtu haonyeshi ng'ombe mmoja. Watasema tumefilisika."

"Basi endelea kuwa tajiri, babu yako afe njaa."

Maneno yale yalinichoma kuliko pilipili. Mzee akashusha sauti: "Chora Radi, halafu Radi, halafu Radi tena. Kila chumba msogeze mguu kidogo, unene wa uzi tu."

Nikaosha filamu, nikaanza upya. Mgongo ukauma. Kaka zangu wakacheka, "Mtazameni, ana ng'ombe mmoja kama mtu aliyeibiwa!" Nikazidi kuchora.

Jioni Fundi alipoleta sinema kijijini kwetu, uwanja ulijaa. Babu tulimbembeleza mpaka akaja. Shuka likawaka, na Radi huyo! Anakimbia, baka linaruka, mkia juu! Ilikuwa fupi kama chafya, lakini babu alisimama, akapiga ule mluzi wa kuita ng'ombe. Wanaume wakauitikia, akina mama vigelegele.

"Mrudishe!" babu akafoka.

Fundi akamrudisha, tena na tena. Ndipo babu akamgeukia bibi: "Wewe mama, nyumbani kuna nini cha kula?"

Usiku ule alimaliza ugali, akaomba na maziwa ya mgando. Kaka zangu ndio waliotumwa kuyaleta!

Mwanangu, mtaka yote hukosa yote. Shika kitu kimoja, kisogeze kidogo kidogo, wala usione haya watu wakisema ndicho pekee ulicho nacho. Na mzee akikukemea kwa ukali, meza kwanza, utasikia utamu baadaye.

Mungu autulize mkono wako, akupe mgongo wa kuinama juu ya kazi na macho ya kuiona ikikimbia. Wanaokucheka leo awakalishe mstari wa mbele, wapige makofi mpaka viganja viwake moto.