Unga wa Bwawani

Juzi mdogo wangu Tusa alikuwa akikoroga chokaa ya kupaka ukuta, na ile harufu kavu ikanirudisha bwawani, kwenye mgodi wa makaa ya mawe alikofanya kazi baba.

Asubuhi hiyo, nikiwa bado mtoto, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na pampu ya mgodi ikinguruma polepole kama mtu aliyelala. Maji yalitoka chini ya ardhi yakiwa na rangi ya kutu, yakaingia bwawani, na baba akawa anamimina humo unga mweupe, kiroba baada ya kiroba. Nyumbani tulikuwa tumeishiwa unga, kwa hiyo nilichota kidogo kwenye kitenge, nikaanza kuondoka.

“We binti, unakwenda wapi na hiyo?”

“Nampelekea mama atupikie uji.”

Baba alicheka mpaka akakaa chini. “Hiyo chokaa, mwanangu! Maji ya mgodi ni makali, yana tindikali. Nayapoza hapa kabla hayajafika kule mtoni mnakochota.”

Kisha akachota maji yaliyotulia upande wa pili wa bwawa, akaonja, akatabasamu.

Wazazi wetu hawapo tena. Kilima cheusi cha kifusi cha mgodi kimefunikwa na miti aliyopanda baba na wenzake. Wadogo zangu wakirudi na ndoo kutoka mtoni, mimi ndiye ninayeonja kwanza.