Pikapu ya Baba Asubuhi ya Baridi

Mwezi wa saba Nzuguni kuna baridi kavu inayopausha midomo, na pikapu ya baba, ambayo bado inatumia kabureta, haipendi asubuhi za namna hiyo. Jioni baba huiegesha pua ikitazama mashariki, ili jua likichomoza lianzie kwenye boneti. Asubuhi huvuta choki ya kuongeza petroli, hukanyaga mafuta mara mbili, huachia mguu, husema bismillahi, ndipo huzungusha ufunguo.

"Gari hili ni kama mama yenu," alizoea kutuambia. "Asubuhi halitaki kuharakishwa."

"Na wewe je, unayekohoa nusu saa kabla ya kuwaka?" mama alimjibu kutoka jikoni.

Mwaka huu baba alianza kupotea njia akitoka msikitini. Sisi watoto tulikaa, tukakubaliana: akiweza kuliwasha gari mwenyewe na kulizungusha mtaani, ufunguo ubaki kwake, aende Busi kwa dada yake kama kawaida. Akishindwa, tunauchukua. Kazi ya kumwangalia nikapewa mimi, kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha udereva.

Jumamosi nilitoka kwangu Makole mapema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama. Alikwishakaa kwenye usukani. Mama alisimama mlangoni, kajitanda kanga mpaka masikioni.

Baba akavuta choki. Akakanyaga mara mbili, sawasawa kabisa, nikashusha pumzi. Akasema bismillahi. Kisha mkono ukasita juu ya ufunguo. Akatazama miguuni kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, akakanyaga tena. Akasita. Akakanyaga tena, na tena. Harufu ya petroli ikatufikia.

"Baba, ushakanyaga."

"Nani kakanyaga? Hata sijaanza."

Alipozungusha ufunguo injini ililia, ikalia, ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yamejaa, plagi zimelowa. Alijaribu mpaka betri ikaanza kuchoka, halafu akashuka mwenyewe, akasimama pembeni na mikono yake mgongoni.

Nikafungua boneti, nikatoa plagi, nikazifuta na kuziacha zipigwe na upepo. Nikazirudisha, nikasukuma choki ndani, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho na kuwasha. Ikatoa moshi mweusi, ikatikisika, ikawaka.

Baba aliipiga boneti kofi la furaha.

"Fundi, una mkono mzuri! Nani kakufundisha?"

Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha uso.

"Baba yangu," nikasema.

"Yuko hai?"

"Yupo."

"Msalimie sana. Wengi hawana subira na magari haya."

Mama akaingia ndani. Nikaiacha injini ipate moto, nikazima, ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Baba hakuuliza habari za ufunguo. Aliniuliza tu kama ningekunywa chai kabla ya kuondoka, na kama kwetu ni mbali.