Ndoo Saba za Udongo

Ukimuuliza mtu yeyote pale Uyole, upande wa chini ya soko, ni nani anayejenga matanuri ya mikate, atakuelekeza kwa Mama Atupele. Jina lake hasa ni Lea. Ni Mhehe wa vijiji vya nje ya mji wa Iringa, mtoto wa mfyatua matofali, aliyeolewa na Mnyakyusa aitwaye Zabron, fundi wa malori barabara kuu. Amekaa Uyole miaka ishirini na miwili na baridi yake haijamzoea wala yeye hajaizoea. Ikifika Juni huvaa makoti mawili na soksi za mumewe, na hajali nani anacheka.

Udongo aliujua tangu utotoni. Baba yake alimfundisha kuuonja: unachukua punje ndogo, unaiuma kwa meno ya mbele. Ukisikia unakwaruza, una mchanga wa kutosha. Ukiteleza kama siagi, huo utapasuka ukikauka. Mpaka leo Lea akipita mahali wanapochimba msingi wa nyumba huinama, akaokota, akauma, akatema, akaendelea na safari yake. Atupele, binti yake aliye chuoni, alishamwomba asifanye hivyo mbele ya rafiki zake. Lea alimwahidi, akasahau siku hiyo hiyo.

Alianza na majiko ya mkaa. Baadaye akajenga tanuri moja la mwalimu aliyekuwa anaoka keki, likapendwa, na kazi ikamfuata yenyewe. Hayo yalikuwa matanuri ya kawaida, kama kuba dogo lenye mlango mbele na ukuta wa udongo uliochanganywa na chenga za matofali ya kuchoma. Unawasha kuni ndani mpaka ukuta unashika moto, unatoa makaa, unafagia, unaingiza mikate. Yaliivisha vizuri. Shida yake ilikuwa moja tu: moto ulitoka nje kupitia ukuta, ukapotea hewani.

Ndipo alipokuja Bi Mwamvita.

Bi Mwamvita anaoka mikate na maandazi Iyunga, upande wa pili wa jiji. Babu yake alitokea Kilwa na kufungua duka Mbeya zamani za malori ya kwanza, na yeye Bi Mwamvita, pamoja na kuzaliwa milimani, bado anasema kwa lafudhi ya kwao na hapendi kupoteza muda. Alimkuta Lea uwanjani akikanda udongo kwa miguu.

"Mama Atupele, nataka tanuri linalotunza moto," alisema, hata kabla ya kuketi. "Hili langu la sasa linakula kuni kama linashindana na mtu. Na Agosti namwoza binti yangu Nasrin. Nitaoka kwa ajili ya watu mia nne."

"Ukuta mnene basi, Bi Mwamvita."

"Mnene ninao. Asubuhi paka wote wa Iyunga wanalala juu yake. Mimi nataka uive mkate, si paka."

Lea alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini maneno yale yalimkaa. Alijua pumba za mpunga zinazuia moto. Wanawake wa kwao hufunika makaa ya akiba kwa majivu ya pumba. Akaamua kujenga kuba la matabaka mawili. Ndani gumu na zito, la udongo na chenga za matofali, la kubeba joto na kustahimili kusuguliwa na kuni. Nje jepesi, nusu udongo nusu pumba kutoka mashamba ya Usangu, la kuzuia joto lisitoke. Kwake yeye ilikuwa kama mtu kuvaa shati ndani na koti nje.

Alilijenga Mei. Akajenga la ndani, akaliacha likauke wiki mbili, kisha akalivika la nje. Lilipendeza. Siku ya kwanza waliwasha moto mdogo, siku ya pili wa wastani, na mara zote mbili Bi Mwamvita aliweka kiganja chake ukutani na kutabasamu. Siku ya tatu wakawasha moto wa kazi.

Kulikuwa na wateja watano wamesimama pale mlio uliposikika. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amevunja muwa kwenye goti. Kisha ukaja wa pili, na wa tatu, na upande mzima wa nje, mkubwa kama mlango wa kabati, ukabanduka taratibu ukaanguka chini, pu! Chini yake la ndani lilibaki zima, safi kabisa, kama yai lililomenywa.

Bi Mwamvita akatazama tanuri, akamtazama Lea, akasema, "Limevua koti."

Wateja wakaangua kicheko. Lea naye akacheka kwa sababu hakuwa na la kufanya, lakini njiani kurudi Uyole machozi yalimlenga. Nyumbani alimwambia Zabron, "Ndani hapakupasuka. Nje hapakupasuka. Pamepasuka pale vinapokutana."

Zabron alikuwa anakunywa chai. "Mimi ukiniletea lori lililokatika kwenye maungio, siulizi habari za chuma. Nauliza habari za maungio," alisema.

"Sasa nimuulize nani?"

"Si una kaka Mgololo?"

Kaka yake Liberatus ni fundi mwashi. Kazi yake huko Mgololo, penye kiwanda kikubwa cha karatasi, ni kujenga kuta za ndani za matanuru. Jumamosi Lea alifunga safari. Walikaa nyuma ya nyumba, harufu ya kiwanda ikija na kuondoka, wakala viazi na maharage, na Liberatus akamchorea ardhini kwa kijiti.

"Ndani kukipata moto kunatanuka," alieleza. "Kidogo tu, huwezi kuona kwa macho. Nje bado kuna baridi, hakutaki kutanuka. Umevigandisha pamoja, sasa kimoja kinavuta na kingine kinagoma. Kwenye maungio ndiyo ugomvi wote unaishia."

"Ninyi mnafanyaje?"

"Tunaacha nafasi. Tofali gumu, halafu upenyo, halafu tofali jepesi. Kila mtu anajitanua kwake."

Lea alifikiri. "Kuba langu ni la duara, kaka. Nikiacha nafasi, la nje litakaa juu ya nini?"

Liberatus alifuta mchoro wake kwa kiganja. "Hapo umenishika," alikiri. Kisha akamwongezea viazi.

Lea alirudi na nusu ya jibu, na nusu hiyo ilimchangamsha kuliko kama angepewa lote. Alitengeneza vigae vya majaribio, virefu kama rula ya shule, tabaka moja la udongo mzito na moja la pumba, akavianika dirishani. Baada ya siku nne vilikuwa vimejikunja kama kiganja kinachoomba, vyote, kuelekea upande wa udongo mzito. Lea aliwaita watu wavione. Jirani yake mmoja, Mzee Fanueli, aliyekuwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo kabla ya kustaafu, alikigeuzageuza kigae kimoja.

"Udongo usio na pumba unasinyaa sana ukikauka," Lea alimwambia. "Wenye pumba hausinyai sana. Kwa hiyo ugomvi ulianza hata kabla ya moto."

"Basi weka cha kati," alisema Mzee Fanueli. "Tabaka la kuwasuluhisha."

Aliweka. Akatengeneza vya matabaka matatu, akavichoma jikoni. Vikabanduka sehemu mbili badala ya moja.

"Nimeongeza maungio," alimwambia Zabron kwa mshangao, akiwa ameshika vipande vitatu. Lakini hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Aliviangalia tena na tena. Mabanduko yale mawili yalikuwa madogo kuliko lile la kwanza. Moja lilishikilia hata alipolivuta kwa vidole. Kama hatua ndogo inaleta ugomvi mdogo, aliwaza, je, hatua zikiwa ndogo kabisa?

Kesho yake alipanga ndoo saba uwanjani, akaziandika namba kwa chaki. Ya kwanza haikuwa na pumba hata chembe. Ya pili aliweka vikombe viwili, ya tatu vinne, na hivyo hivyo mpaka ya saba iliyokuwa nusu kwa nusu. Chenga za matofali alizipunguza kwa mpango huo huo, kutoka nyingi hadi hakuna. Na jambo moja zaidi alilibadilisha: hakusubiri tabaka likauke. Alilitia la pili juu ya la kwanza likiwa bado bichi, akalisugua kwa vidole mpaka mchanganyiko mmoja ukaingia ndani ya mwingine.

Kigae kile kilipokauka kilijipinda kidogo tu. Alikichoma, akakitoa, akakipoza, akakichoma tena, mara sita. Kisha akakivunja kwa makusudi kwa nyundo ili aone ndani. Rangi ilitoka kwenye wekundu mzito upande mmoja hadi kijivu chepesi chenye vishimo upande wa pili, na katikati hapakuwa na mahali pa kuweka kidole na kusema, hapa ndipo kitu kimoja kinaishia na kingine kinaanzia. Alikipeleka Iyunga kimefungwa kwenye kanga.

Bi Mwamvita alikiangalia. "Sasa Mama Atupele, mimi unanionesha tofali lililovunjika nifurahi?"

"Furahi, Bi Mwamvita. Limevunjika nilipotaka mimi."

Kulikuwa na tatizo moja. Ili matabaka yote saba yashikane yakiwa mabichi, tanuri zima lilipaswa kujengwa kwa siku moja, na hiyo haikuwa kazi ya watu wawili. Bi Mwamvita alipiga simu nne tu. Jumapili mchana, watu walipotoka kanisani, uwanja wa Iyunga ulijaa: shangazi zake Nasrin wamejifunga kanga kiunoni, wanakwaya wa Kilutheri wa mtaani, Zabron na mafundi wawili wa gereji, na Mzee Fanueli akisimamia ndoo kama karani wa uchaguzi. Walirundika mchanga wenye umbo la kuba, wakaufunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, kisha udongo ukaanza kupanda.

"Ndoo ya tatu!" Lea alikuwa anaita. "Nimesema ya tatu, shemeji, hiyo ni ya tano! Ukiruka hatua tutakuja kulia wote!"

Nasrin, bibi harusi mwenyewe, aliyekatazwa kugusa matope kwa sababu ya ngozi yake, aliingia na mikono mpaka kwenye viwiko. Shangazi zake walipiga kelele. Yeye akasema udongo ule ni laini kuliko vitu vyote alivyopakwa wiki ile. Jua lilipokuwa linaelekea mlima wa Mbeya, kuba lilikuwa limesimama, na kila mtu alikuwa na rangi moja.

Walilikausha wiki tatu chini ya magunia, polepole, kisha mchanga ukatolewa na vijimoto vidogo vikawashwa siku baada ya siku. Ilipofika siku ya moto wa kazi, watu wote waliojenga walikuja kusikiliza. Kuni zililia. Kuba lilikaa kimya. Lea alizunguka nyuma yake na sikio karibu na ukuta, akazunguka tena. Baada ya saa mbili Zabron aligeuka, akaegemeza mgongo wake wote kwenye tanuri kama mtu anayesubiri gari.

"Baridi," alisema kwa malalamiko. "Hata halipashi mtu joto!"

Ndipo vigelegele vikapigwa. Bi Mwamvita akaingiza mikate ishirini ya kwanza kwa mikono yake, akafunga mlango, akangoja kama alivyozoea. Alipofungua, yote ishirini ilikuwa myeusi kama mkaa.

Alisimama na koleo lake la mbao mkononi. Alikuwa ameweka kuni zile zile za tanuri la zamani, na hili jipya halikupoteza chochote.

"Mama Atupele," alisema taratibu, "hili tanuri lako lina roho ngumu."

"Nusu ya kuni, Bi Mwamvita. Jaribu na nusu."

Ilichukua siku nne kulizoea. Agosti, kwenye harusi ya Nasrin, liliwashwa mara moja alfajiri: mikate ikatoka kwanza, kisha maandazi ya kuoka, kisha nyama ya mbuzi ikaingizwa kwenye sufuria kubwa na kufungiwa humo mpaka mchana, ikatoka ikiachia mfupa yenyewe. Lea alikaa meza ya mbele na wazazi, makoti yake mawili ameyavua kwa heshima ya siku hiyo, akila kwa bidii na kueleza habari za ndoo kwa kila aliyeuliza, na kwa wachache ambao hawakuuliza.

Tangu hapo amejenga mengine tisa. Moja ni la wanawake wa parokia kijijini kwao Iringa. Alipofika, mama yake, Mama Faustina, alimsalimu "Kamwene" kisha akamuuliza kwa nini mtu mzima anakuja kucheza matope. Akaja kuwasimamia siku nzima kutoka kwenye kigoda, akisahihisha.

Mwalimu wa chuo cha ufundi naye alikuja na wanafunzi. Akamwambia kwamba wahandisi hutengeneza vitu vinavyobadilika kidogo kidogo hivyo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa ajili ya mitambo ya moto mkali, na kwamba kuna hesabu zake. Lea alimsikiliza kwa makini. Akaomba aletewe hizo hesabu, Atupele atamsomea. Kisha akawaambia wanafunzi wavue viatu waingie kwenye udongo.

Wiki iliyopita wanawake wa Iringa walimpigia simu. Tanuri lao limepata ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia kwenye kona ya mlango na kupanda juu. Mikate inaiva vizuri tu, walisema, asijisumbue.

Lea hajalala vizuri tangu siku hiyo, kwa furaha. Kona, anamwambia Zabron huku akipanga begi. Ukuta umekatwa pale kwa ajili ya mlango, kwa hiyo mvuto wote lazima unakusanyika kwenye kona. Kwa nini hakuuviringisha mlango tangu mwanzo? Tayari ana vigae sita vyenye matundu ya maumbo tofauti vinakauka dirishani. Keshokutwa anapanda basi la kwanza.