Nilimwambia daktari sina ng'ombe, kupe wakaniumbua

Wakuu, salaam. Shule yangu iliishia la saba, mnivumilie. Naandika nilichokiona, nisichokijua nitasema sikijui.

Nakaa sehemu inaitwa Maji ya Chai. Nyuma ya nyumba kuna banda, ng'ombe mmoja. Ni wa mjomba anayekaa Kijenge, nimewekeshewa: mimi natunza na kunywa maziwa, ng'ombe anabaki wake. Watu wa huku mnaujua huu utaratibu.

Kila asubuhi namtoa kupe kwa vidole, nawapasua kwa ukucha. Baba naye alifanya hivyo.

Basi ikaja homa. Mgongo unakatika. Zahanati wakapima malaria, hakuna.

Siku ya tatu napiga mswaki, fizi zikavuja damu. Mama Neema, mke wangu, akanikimbiza hospitali.

Daktari akauliza, "Unafuga? Una ng'ombe, mbuzi?"

"Sina."

Wakuu, ningejimilikishaje mali ya mtu? Au nilidanganya? Mpaka leo sielewi.

Nesi alikuwa ananifuta mdomo, nikakohoa, damu ikamrukia usoni. Hakuwa na barakoa, lakini simlaumu, mimi ndiye sikusema.

Kesho yake Mama Neema akaleta uji huku analalamika, "Ng'ombe kanipiga teke. Kakuzoea wewe!"

Daktari akageuka. "Ng'ombe yupi? Si ulisema huna?"

"Ni wa mjomba, daktari."

"Na kupe?"

"Nawapasua kila siku."

Akashika kichwa. "Kaka, kupe anauliza mwenye ng'ombe ni nani?"

Nikahamishiwa chumba cha peke yangu. Wakasema huenda ni virusi vya kupe: vinaingia akikuuma, au ukimpasua una kidonda. Nikatazama dole gumba, lina mpasuko.

Tena damu ya mgonjwa nayo inaambukiza. Nikamkumbuka nesi.

Nilipata nafuu, ila nesi na mke wangu walipimwa joto kila siku wiki mbili. Sijawahi kusali vile.

Wakatoka salama. Kuhusu sampuli ya damu yangu waliyopeleka kupima hivyo virusi, daktari mmoja alisema ndiyo, ni vyenyewe, mwingine akasema majibu bado. Siwezi kuapa.

Siku hizi ng'ombe anapigwa dawa ya kupe, nami navaa gloves. Nilichojifunza: daktari akiuliza, taja unachokishika, habari za mwenye mali baadaye.

Nyie mnaofuga vya watu, mngejibuje pale? Nikosoeni tu.

Nilirudi kumwomba nesi radhi. Akanitazama weee, kisha akacheka:

"Baba Neema, na ile homa nayo ilikuwa ya mjomba?"