Majina ya Namba Mbili

Niseme mapema: mimi filamu sizipendi. Kama nilikaa miaka mitatu mlangoni pa kibanda cha video cha Laurent, pale Base Camp ya Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, ni kwa sababu watu wakishaona wenzao wanakimbizana husikia njaa, na mimi nilikuwa nakaanga mandazi. Lakini Appolinaire nilimjua vizuri. Tulimwita Papa Gradi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye aliniita Mama Ulrich. Alikuwa mwembamba, ana koti moja la kahawia, na sauti ambayo nadhani Mungu alikuwa amemwekea mtu mwingine.

Kwao, katika milima ya Uvira, alikuwa msomaji wa matangazo kanisani. Hapa kambini jembe lilimshinda. Alikwenda kulima vibarua Rugaaga, mwenye shamba akamrudisha kabla ya saa sita mchana. Ndipo Laurent akamchukua. Laurent alikuwa akinunua filamu Mbarara, na zile zilizotafsiriwa Kiganda hakuzitaka. Sisi watu wa Kivu Kiganda tukijulie wapi? Akanunua za Kiingereza kitupu, akampa Papa Gradi kiti cha plastiki na maikrofoni, awe anatusemea kwa Kiswahili.

Kiingereza nacho Papa Gradi hakukijua. Alijua watu. Akimwona mwanamke wa kizungu amekunja mikono mbele ya mumewe, alitueleza ndoa ile yote tangu siku ya mahari, na kibanda kizima kikakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na filamu moja ya daktari wa ng'ombe aliyehamia mji mdogo akagombana na mashemeji zake. Bunduki ililia mara mbili tu, na daktari akajuta nusu saa nzima. Papa Gradi aliisema hiyo hata akina mama wa kwaya wakaja kuiona.

Mwaka 2008 Laurent akarudi kutoka Mbarara na namba mbili ya filamu ile, yaani sehemu yake ya pili. Wee! Yule daktari wa ng'ombe sasa alikuwa anashuka kwenye helikopta, ana bunduki mikono yote miwili. Wale mashemeji hawakuonekana tena, wala hakuna aliyezungumza na mwenzake. Watu walianguka kutoka mapaani, madarajani, mmoja ndani ya kisima, na ni akina nani, wamekosa nini, filamu haikusema. Vijana walipiga miluzi. Papa Gradi alikaa na maikrofoni mapajani mpaka mwisho.

“Papa Gradi,” Laurent alimwambia walipotoka, “bomu haiombi mutu wa kuitafsiri. Jumamosi tunaionyesha tena. Kama hauna ya kusema, ile maikrofoni nitaiweka.”

Hakusema kwa ubaya. Laurent hakuwa mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Lakini Papa Gradi aliogopa, na hakunificha. “Mama Ulrich, bila ile maikrofoni mimi ni mutu gani?” Nilimwambia ale andazi.

Sasa, kwetu mtu hatangazwi kwa jina tupu. Akifa, kanisani husemwa ni mwana wa nani, wa kilima gani, alifanya kazi gani, ameacha akina nani. Papa Gradi alikuwa amesoma matangazo hayo miaka kumi. Jumamosi, mtu wa kwanza alipoanguka kutoka paani, akainua maikrofoni: “Huyu ni Yonatani, mwana wa Rubeni, wa Lemera. Alikuwa mushonaji. Ameacha bibi na watoto watatu.”

Vijana wakacheka. Akaanguka wa pili, naye akatangazwa. Kufika wa tano hakuna aliyecheka tena, na nyuma mzee mmoja alivua kofia. Mimi mwenyewe niliacha mafuta jikoni nikachungulia, mandazi yakaungua. Juma lililofuata watu walikosa pa kukaa. Laurent alimletea mto wa kukalia.

Lakini ile namba mbili ilikuwa na maiti zaidi ya sitini, na haikuonyeshwa mara moja. Majina yakamwishia. Akaanza kushona: jina la huyu, baba wa yule, kilima cha mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na milima yetu nayo si mingi kiasi hicho.

Jumatano, Orpa wa Rubondo, kijiji cha kule juu kambini, alikuja kununua mandazi ya kilio. Nikamuuliza kilio cha nani. Akasema Mukamazimpaka, yule mama anayeuza maziwa, amepata habari za kaka yake aliyepotea vitani mwaka 1996. Anaitwa Nehemiya, mwana wa Mutware, wa Bijombo. Jirani mmoja alipita Base Camp Jumapili, akaisikia sauti ya Papa Gradi kutoka nje ya kibanda, akarudi na neno moja tu: ametangazwa. Kwetu ukitangazwa umekufa, haliulizwi lingine.

Papa Gradi alikuwa amesimama hapo hapo, andazi mkononi. Yule Nehemiya alikuwa yule mtu wa filamu aliyeanguka kisimani.

“Lazima niende nimwambie,” akasema.

Laurent alisikia. “Umwambie nini? Ukisema pale mbele ya batu kwamba haya majina unayatunga, nani atakuja hapa tena? Ukienda, Papa Gradi, usirudi.”

Papa Gradi aliuangalia ule mlango wa kibanda. Kisha akafunga vifungo vya koti akaondoka, nami nikafunika jiko nikamfuata. Ala, nisingemwacha aende peke yake.

Tulimkuta Mukamazimpaka ameketi kwenye mkeka uani, amejifunga kitambaa cheusi, wanawake wamemzunguka na mizigo ya kuni waliyoleta ya kilio. Alimpokea Papa Gradi kwa mikono miwili. “Papa, Mungu akubariki. Wewe ndiye uliyemuona.”

Papa Gradi alisimama na koti lake. Kutoka kule chini tulisikia bunduki za filamu ya Laurent, bila sauti ya mtu. Akasema yote: filamu, kisima, jina alivyolishona. “Mama, sikumuona. Simujue. Kama yuko hai ao amekufa, mimi sijue. Unisamehe.”

Nilingoja amrukie. Au afurahi, alie, aseme kumbe kaka yangu huenda yupo. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliuliza tu, “Haujue?”

“Sijue, Mama.”

“Hilo nilikuwa nalo.” Akakifungua kile kitambaa cheusi polepole, akakikunja magotini. “Miaka kumi na mbili niko na hilo tu. Mbwa akibweka naamka. Mutu akipita na kimo chake, namufuata sokoni. Toka Jumapili mpaka leo nimelala, Papa. Siku tatu. Nimelala kama mutoto. Kwa nini umekuja?”

Papa Gradi alirudi hatua moja kutoka mkekani. 

Mukamazimpaka akawageukia wanawake, akawaambia wachukue kuni zao, kilio hakuna tena.