Filamu Aliyoikata Baba kwa Kidole Gumba

Goti langu la kulia lina maisha yake. Nikikaa tu, linaanza kuruka kama linasikia ngoma ambayo mimi siisikii. Dawati linatetemeka, na jirani yangu anachora mstari wa jiometri uliopinda kama barabara ya Naitiri wakati wa mvua. Mwalimu wetu wa hesabu huliita jenereta. "Zima jenereta," ananiambia kila siku, na mimi nalikandamiza kwa mkono, na mguu wa pili unachukua zamu.

Lakini muhula huu ugonjwa ulikuwa wa shule nzima. Jumamosi mchana huwa tuna enta, yaani sinema ndani ya bwalo la kulia. Madirisha tunayaziba kwa blanketi zetu wenyewe, na projekta inawekwa juu ya meza ambayo asubuhi ilikuwa na uji. Hiyo ndiyo starehe pekee ya wiki. Mengine yote ni githeri na Mungu. Na bado filamu ikifika katikati, nusu ya bwalo imetoka. Hakuna mahali wanakwenda. Wanazunguka tanki la maji, wanarudi kuuliza nani amekufa, wanatoka tena.

Mwalimu wa hesabu ndiye msimamizi wa enta. Siku moja aliwasha taa stelingi, shujaa wa filamu, akiwa ananing'inia kwenye helikopta, akatutazama kama jibu lisilolingana na swali.

"Nyinyi hamtaki sinema," akasema. "Mnataka matembezi. Jumamosi ijayo mkitoka tena, hii kitu nafunga. Hizi saa zitakuwa za hesabu mpaka mmalize shule."

Mimi nikainua mkono, kwa sababu mdomo wangu nao una maisha yake.

"Mwalimu, shida si sisi. Shida ni Hollywood."

"Endelea kujichimbia."

"Siku hizi stelingi akifa hakuna anayelia. Tunajua kuna dunia nyingine ambako hakufa, na filamu ijayo watamtoa huko. Hata matanga hayana heshima. Halafu ikiisha, haiishi. Unakaa hapo ukisoma majina ya madereva na wapishi wao, ukingojea kipande cha mwisho cha kukwambia utafute nyingine. Na wazee wenyewe wanapigwa pasi usoni na kompyuta, wanakuwa vijana, lakini wakikimbia unaona magoti ni ya mzee wa kanisa."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, lakini alivuta mdomo.

"Na wewe uko na dawa?"

"Niko nayo. Filamu ya zamani ya buda wangu, baba mzazi. Hiyo hakuna mtu atatoka, hata wa kukojoa."

"Haya. Ilete. Wakitoka, hao wenzako nitawaambia hesabu ya Jumamosi imeletwa na nani."

Niliketi nikijiona wakili. Jirani yangu akaninong'oneza, "Bana, umetuuza." Nikamwambia atulie, kwa maana filamu hiyo nilikuwa naijua kama Baba Yetu.

Nimekua nayo. Kwetu ni Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo, na baba yangu hununua mahindi Moi's Bridge na kuyauza kokote yanakotakiwa. Wiki nzima alikuwa akiingia nyumbani na vumbi la makapi kwenye nyusi, amechoka, hana maneno. Ila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anaoga mara ya pili, anavaa fulana, anaifuta ile CD kwa tumbo la fulana hiyo na kuiingiza kwenye deki. Mimi nilikaa sakafuni. Kukhu, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba, alikaa kwenye kochi na ungo wa maharagwe mapajani, akichambua. Hiyo ilikuwa sinema yetu.

Stelingi alikuwa fundi seremala mwenye kofia. Anaingia kwenye mji wa kupasua mbao, hasalimii mtu, anaanza kupiga watu kwa ubao. Anapiga mpaka mji unaisha, anaweka ubao chini, anaondoka. Ilikuwa tamu vibaya. Nilipokuwa mdogo niliuliza, "Baba, mbona anawapiga?" Baba akajibu bila kugeuka, "Wanajua wenyewe walichofanya." Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi, na hata shuleni nimewahi kulitumia, lakini halikumtosha mwalimu mkuu.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Mara kwa mara picha ilikuwa inakimbia ghafla, watu wakitembea kama kuku waliomwagiwa maji, kisha inatulia. Nilidhani ndivyo filamu za zamani zilivyotengenezwa. Rimoti ilikuwa mkononi mwa baba muda wote, na mimi niliona anaishika tu kama wazee wengine wanavyoshika bakora.

Basi nikampigia baba kwa simu ya shule. CD ikapelekwa kwa kijana wa saiba, duka la kompyuta mjini Kitale, ikaingizwa kwenye fleshi, na fleshi ikaletwa na shangazi aliyekuwa anakuja matanga upande wa Bungoma, karibu na shule. Ijumaa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitembea na mkono mfukoni siku nzima, kama mtu mwenye ardhi.

Jumamosi bwalo likajaa. Nikasimama mbele, nikasema, "Mabibi na mabwana, bila mabibi, leo mtaona mwanaume." Filamu ikaanza.

Kofia ikatokea. Nikapiga makofi peke yangu. Kisha kofia ikaingia ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na mwanamke.

Sikuwa namjua huyo mwanamke. Naapa, sijawahi kumwona. Akaandaa meza. Wakala. Wakala polepole, kama watu ambao hawana kengele. Wakaongea kuhusu mvua. Akamfuata nje, wakaongea kuhusu paa. Nilikuwa nangojea ubao na ubao hauji. Nyuma yangu viti vikaanza kulia.

Kisha nyuso zao zikakaribiana. Mwalimu wetu ana karatasi ya manila kwa kazi hiyo. Nyuso mbili zikikaribiana anaishika mbele ya projekta, ukuta unabaki mweusi, na busu linaangukia kwenye manila. Yaani katika shule nzima ni yeye peke yake anayeliona. Alisimama na ile manila muda mrefu, akabadilisha mkono, na bado.

Wa kwanza akatoka. Wa pili. Wale wa pembeni wakatoka pamoja. Mono mmoja, wale wageni wa mwaka huu, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kwani mwanaume anakuja saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa rimoti ya baba ilikuwa inafanya nini mkononi mwake. Alikuwa anaruka vipande. Mwanamke mzima alirukwa, meza ikarukwa, mvua na paa vikarukwa, mpaka nikabaki na jamaa anayepiga watu bila sababu. Nilikuwa nimeisifia shule nzima filamu ambayo haipo popote duniani ila katika kidole gumba cha baba yangu. Na aibu kubwa kuliko hiyo ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama. Goti lilikuwa limenitoa kwenye kiti bila kuniuliza, na nilikuwa njiani kuelekea tanki la maji.

"Na wewe pia?" akasema mwalimu kutoka nyuma ya manila. "Si hii ni filamu yako?"

"Nilikuwa nakuja kukuomba kompyuta ya projekta, Mwalimu."

Sijui alinipa kwa nini. Labda mikono ilikuwa imemchoka. Niliruka. Niliruka kila kitu ambacho baba alikuwa anaruka, na palipobaki nikasema kwa sauti yale ambayo baba alikuwa anasema: ngoja uone, huyo ameingia choo cha wenyewe, huyo mama yake hakumwambia asubuhi akae nyumbani. Ubao ukafanya kazi. Wale wa tanki la maji wakasikia kicheko, wakarudi mbio. Yule mono akauliza, "Lakini mbona anawapiga?" na bwalo zima, ambalo nilikuwa nimelifundisha tayari, likajibu, "Wanajua wenyewe walichofanya."

Tulimaliza mapema sana. Watu wakanibeba mpaka mlangoni na kuniangusha hapo, kwa upendo.

Mwalimu akaniita. "Hiyo haikuwa filamu. Hayo yalikuwa mahubiri yako."

"Lakini walikaa."

"Walikaa kwa ajili yako wewe. Mkirudi kutoka likizo ya katikati ya muhula tutaiweka tena, nzima, na wewe ukiwa umefunga mdomo. Wakikaa, Jumamosi ni yenu. Wakitoka, njooni na vitabu."

Hiyo habari nilikwenda nayo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu. Wenzangu walikuwa wameninunia hata kabla ya basi kuondoka. Nilijaribu kuitazama peke yangu kwenye simu ya mama, nikajikuta nimeifunga bila kujua, naangalia video ya mtu anayefua zulia. Nikaianza tena. Nikaiacha nikaenda kuangalia kama sufuria limechemka. Halikuwa na kitu ndani. Ilikuwa rahisi kulaumu Hollywood nilipokuwa sijawahi kuimaliza filamu hata moja ya zamani.

Jumapili baba akaoga mara ya pili. CD ikafutwa kwa fulana. Mimi nikawahi rimoti, nikaikalia.

"Leta hiyo kitu," baba akasema.

"Leo tunaona yote, baba."

Akamtazama kukhu kwa pembe ya jicho. Kukhu alikuwa na ungo wake wa maharagwe, macho kwenye televisheni, hana habari nasi. Mwanamke akatokea. Meza, mvua, paa. Baba akakohoa. Mwanamke akakaa na mume wake chini ya dirisha, akashika sindano, akaanza kumtoa kibanzi kwenye kiganja. Sindano tu. Kisha nyuso zikakaribiana, na baba akanyanyuka, akasema anaenda kumwangalia ng'ombe.

Hatuna ng'ombe.

"Kumbe alikuwa na bibi," kukhu akasema. "Miaka yote nilidhani huyu mtu ni mwizi."

"Tulikuwa tunaruka kwa sababu yako, mama," baba akajibu akiwa mlangoni, akiongea na uwanja.

"Sababu yangu? Nimekuzaa wewe na ndugu zako wote. Ulidhani niliwaokota sokoni?"

Baba akatoka kabisa nje. Kukhu akaendelea kutazama. Ilikuwa kama hakuna mtu kwenye kochi; hakujikuna, hakubadilisha mguu. Mikono tu ndiyo ilikuwa inatembea ndani ya maharagwe. Ghafla kidole kinasimama, kinatoa jiwe, kinalitupa kwenye kikombe, na macho hayajaondoka kwenye televisheni.

"Kukhu, unalionaje na huangalii?"

"Silioni. Jiwe liko na baridi yake." Akanisogezea ungo. "Shika. Huo mguu wako unanitetemeshea kochi."

Nikatia mikono. Sitasema goti lilitulia, lakini lilipunguza. Watu wa ule mji wa mbao walipoichoma nyumba ya yule seremala, mke wake akiwa ndani, nilijikuta nimekamata jiwe moja na silitupi. Sasa nilijua walichofanya. Ubao wa kwanza ulipoanguka sikucheka.

Jumatatu nilirudi shule na wazo moja tu. Nilipitia jikoni kwanza, kwa mpishi, mama ambaye kila Jumamosi huchambua maharagwe ya shule nzima, na macho yake yamechoka ndiyo maana sisi meno yetu yamechoka. Nikamwambia, mama, Jumamosi hii keti. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka gunia.

Jumamosi kila mtu aliingia bwaloni na sahani yake na kupewa maharagwe yake. Walinitukana kwa lugha zote za kaunti.

"Ati tunaona sinema au tumefungwa jela?"

"Kitale, wewe ni mgonjwa, bana."

Mwalimu alitazama zile sahani, akanitazama, akaenda kuchota zake. Nikafunga mdomo kama tulivyoagana, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanyia shule hii. Kofia ikaingia ndani ya nyumba. Meza. Mvua. Yule mono akatupa jiwe lake la kwanza sakafuni, tik. Mwingine, tik. Mtu mmoja akasimama, akatafuta mahali pa kuweka sahani, hakupata, akaketi. Blanketi zilikuwa zimekaza giza, tulikuwa tunachambua kwa vidole tu. Nyuso zikakaribiana, na manila ilikuwa chini ya kiti cha mwalimu, na mikono ya mwalimu ilikuwa ndani ya maharagwe, na busu la kwanza katika historia ya bwalo letu likapita ukutani wazi. Mtu akakohoa. Basi.

Nyumba ilipoungua hata tik haikusikika.

Taa zilipowashwa mwalimu alihesabu bwalo kwa macho, mstari kwa mstari, kama anatafuta kosa. Kisha akasema, "Wiki ijayo leteni nyingine," akaondoka na maganda kwenye suruali.

Jumapili tulikula githeri ya maharagwe yale yale. Nikauma jiwe, kubwa, mpaka sikio likalia. Lilitoka kwenye sahani niliyochambua jana yake, sina shaka, na najua hata lilinipita saa ngapi: pale mke anapomtoa mumewe kibanzi.