Siku Nilipomtoa Mtani Msibani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naiacha chai ipoe. Ni siku tuliyomzika mjomba wangu kule kijijini kwetu Kitaya, kando ya Ruvuma, nikiwa mbunge mwaka wa tatu. Sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu. Ila mama yako ameniambia umechukua fomu ya udiwani, na mimi mjomba wako nikinyamaza nitakuwa nimekudhulumu. Kaa. Sina haraka, na wewe leo usiwe na haraka.

Wewe unanijua mzee huyu wa Naliendele mwenye mikorosho michache na magoti mabovu. Hukunijua nilipokuwa mtu. Nilianza na chumvi na samaki wakavu, nikivuka Ruvuma kwenda kuuza upande wa Msumbiji, na mtumbwi wa kuvukia alinichongea mjomba kwa mikono yake. Baba simkumbuki. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, akanitafutia mke, akauza mbuzi wake ili nipate pango la duka la kwanza mjini. Duka likazaa duka, nikawa nauza saruji na mabati, nikanunua malori, watu wakaanza kuniamkia hata walionizidi umri. Kutoka hapo kwenda bungeni ilikuwa hatua fupi tu.

Kwenye kampeni niliwaahidi Kitaya maji ya bomba. Mama zetu walikuwa wanachota mtoni, mmoja anachota na mwenzake anaangalia mamba. Nikasema ndani ya mwaka mmoja mambo hayo yatakuwa yamekwisha. Mabomba kweli yalifika. Yakalazwa kwenye uwanja wa shule, majani yakaota juu yake, na mimi nikawa na shughuli zangu kubwa za Dodoma. Usiniulize zilikuwa shughuli gani, maana mwenyewe siku hizi sizikumbuki.

Mjomba alinipigia simu. Akaniuliza, "Mwanangu, haya mabomba uliyotuletea ni ya kukalia?" Nikacheka, nikamwambia niko kikaoni, nitampigia. Sikuwa kikaoni. Nilikuwa hotelini nakula kuku. Na sikumpigia. Wiki chache baadaye nikaletewa habari kwamba amefariki.

Nilikwenda na magari manne, magunia ya mchele, na viongozi wawili watatu kutoka mjini walioona ni vizuri waonekane na mimi. Watani walikuwa wamefika kabla yangu. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani, nawe ulilijua hilo ukiwa mdogo, ila shule za mbali zinasahaulisha. Mtani akija msibani kazi inakuwa yake. Anachimba kaburi, anateka maji, anapika, na katikati ya kazi hiyo anakucheka mpaka ucheke na wewe, machozi yakiwa bado yanakutoka. Atamwigiza marehemu, atakuigiza wewe mfiwa, atakuvua kofia aivae yeye. Siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuchukia.

Kati yao alikuwepo Bi Somoe, jirani wa mjomba, mama wa Kiyao aliyekuwa akinitania tangu nakimbia bila kaptula. Joto lilikuwa kali, nikavua koti. Kumbe ndilo alilokuwa analisubiri. Akalivaa, mikono ikamzidi, akanichomoa na miwani usoni, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Akakohoa. Kikohozi kilikuwa changu kabisa, kile cha kabla ya ahadi.

"Wananchi wa Kitaya," akasema, "mabomba nimeleta. Maji mtakunywa mkishanichagua tena."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama yangu, aliyekuwa amelia tangu alfajiri, niliona mabega yake yanatikisika chini ya khanga. Bi Somoe akaligeukia jeneza. "Na wewe ntani wangu, haraka yote hii ya nini? Umeondoka na kiu yako, mwenzio bado yuko kikaoni."

Nikajua mjomba alimwambia. Alimwambia kuhusu simu ile, na alijua kwamba nilikuwa nadanganya. Wale viongozi wa mjini nao wakacheka, mmoja akaniangalia kwa pembeni. Mwanangu, ningekuwa na akili ningecheka, nikamtunza chochote kama desturi inavyotaka, na usiku wa kuamkia kesho yake ningetafuta fundi wa mabomba. Badala yake nikawageukia wapambe wangu, nikasema taratibu, "Mtoeni huyu mama."

Walimshika mikono. Yeye akadhani nao wameingia kwenye mchezo, akawa anawatania na wao, anawauliza kama wameoa. Wakamvua koti kwa nguvu ili wanirudishie. Khanga ya kichwani ikaondoka pamoja na koti, ikaanguka kwenye vumbi, na mama mtu mzima yule akabaki kichwa wazi mbele ya kadamnasi, mvi zake zote nje. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Aliniangalia mara moja, akaokota khanga yake, akaikung'uta, akaenda zake. Mimi nikavaa koti langu. Nasema ukweli mtupu: nililivaa, na nikafunga vifungo.

Haikupita hata robo saa, akaja kaka yake Bi Somoe kutoka makaburini, udongo mpaka magotini, na nyuma yake watani wote waliokuwa wakichimba. Hakuwa na hasira. Akasema, "Mheshimiwa, kaburi limefika kiunoni. Lililobaki ninyi nnaliweza wenyewe." Wakalaza majembe mlangoni, wakanawa, wakaondoka. Akina mama wa Kiyao wakaacha vyungu mekoni, wakawafuata.

Mama akanivuta pembeni. "Nenda kamwombe radhi Somoe. Piga magoti. Nenda sasa hivi." Nikamjibu, "Mama, nikipiga magoti leo, kesho jimbo zima litanipanda kichwani." Ndivyo nilivyomjibu mama yangu aliyekuwa amefiwa na kaka yake. Akanitazama kama anayetafuta jina langu. Wapambe wangu wakaenda kumalizia kaburi na viatu vyao vya kung'aa. Mwanandani, ule uchimbo wa ndani wa kumlaza maiti, wakauchonga vibaya, ukabomoka, wakauchonga tena, na mjomba akakaa anasubiri juani mpaka sheikh akaanza kuona haya kwa niaba yetu. Tulimzika. Tulipotoka makaburini mama akasema neno moja tu, "Kaka yangu amezikwa kama mpita njia." Hakulirudia tena mpaka naye alipofariki.

Unadhani nilijifunza? Nilifanya kama nilivyozoea dukani. Mteja akirudi na bati lililopinda simwombi radhi. Nambadilishia bati, namwongezea misumari, anaondoka. Basi nikakimbizana na wahandisi, na miezi miwili haikuisha maji yakatoka Kitaya. Siku ya ufunguzi wakaniimbia. Bi Somoe akaja na ndoo yake, akajaza, akanipa mkono. Nikangoja aseme kitu. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu. Akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mheshimiwa." Akajitwisha ndoo, akaondoka. Maji aliyapokea, mimi hakunipokea.

Nilimpelekea sukari. Nilimpelekea khanga, doti mbili nzuri, na kila nikienda tunazungumza habari za korosho na mvua. Maneno "nimekukosea" yalikuwa yanafika hapa kooni, yanageuka. Yeye ananikaribisha kwa adabu zote, ananiita mheshimiwa, ananiuliza afya. Hakunitania tena hata siku moja. Ubunge ukaisha, nikaangushwa, na hilo wala haliniumi. Nilitegemea walau akinikuta sina cheo ataniambia, "Umeona sasa?" Hakusema. Alinipa pole kama anavyompa mtu yeyote.

Mwaka juzi Bi Somoe akafariki. Nikasema moyoni, sasa nitakwenda kama mtani, nifanye kazi ya mtani. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumtania marehemu. Nilipofika nikavua viatu, nikakunja suruali, nikalitania jeneza kwa sauti: "Somoe, umekimbia zamu yako ya kupika." Hakuna aliyecheka. Si kwamba walikasirika. Waliniangalia kwa upole, kama mtu aliyekosea nyumba. Nikaomba jembe. Mjukuu wake akaleta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka kivulini. Akaniambia, "Karibu mheshimiwa. Ninyi wageni nnakaa huku."

Nikakaa. Nimezaliwa hatua mia kutoka hapo, na nikakaa.

Kwa hiyo mwanangu, ninalokuambia ndilo hili. Ukipata hicho cheo, anayekucheka usoni mwache akucheke mpaka achoke, halafu uende ukaangalie alikuwa anasema nini. Usimtume mtu amnyamazishe. Ukiahidi, na ukishindwa, sema umeshindwa, watu wetu wanasamehe hilo kuliko unavyofikiri. Na ukimkosea mtu usimpelekee sukari. Mpelekee mdomo wako. Mwambie umemkosea, mwambie siku ileile, na mwambie mbele ya walewale walioona. Ukingoja kesho utazoea kungoja, na aibu ukiizoea haikutoki. Mimi nimeizoea. Ndiyo hii unayoniona ninayo.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe kura za kutosha na kifua cha kuzibeba. Akulinde na watu wanaokusifu kila unapofungua mdomo. Na siku utakapofiwa, usikose mtu wa kukucheka.